Usalama, Afya na Mazingira Mahali pa Kazi: Mwongozo wa Mwajiri Hatua kwa Hatua

Katika sehemu nyingi za kazi, suala la usalama na afya hukabidhiwa msimamizi wa uzalishaji, na suala la mazingira hukabidhiwa ofisi inayoshughulikia vibali, kila upande ukiwa na faili lake, mkaguzi wake na bajeti yake. Mgawanyo huo unaeleweka, kwa sababu mara nyingi sheria zenyewe ni mbili na mamlaka zinazozisimamia ni mbili. Hata hivyo unaficha jambo ambalo mwajiri anapaswa kulielewa kabla ya jingine lolote: vumbi linaloingia katika mapafu ya mwendesha mashine ni lile lile linalotoka dirishani kwenda kwa majirani, na kiyeyusho kinachomwumiza kichwa fundi wa kupaka rangi ndicho kinachoishia mtoni ndoo yake inaposuuzwa mferejini.

Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz lililokuwa Schweizerhalle, karibu na Basel nchini Uswisi, liliteketea kwa moto. Moto ulizimwa, lakini maji yaliyotumika kuuzima yalichukua tani za viuatilifu na kuzifikisha katika mto Rhine, na samaki wakafa kwa mamia ya kilomita kufuata mkondo wa mto. Ghala hilo halikuwa na bwawa la kuzuia maji hayo. Aliyepanga uzimaji wa moto na aliyepanga ulinzi wa mto walipaswa kukaa meza moja, na ndiyo maana mwongozo huu unayashughulikia mambo haya yote kwa mfumo mmoja, kwa mwajiri wa kiwanda, karakana, ghala, shamba, hospitali au ofisi.

Hatua ya kwanza: Andaa daftari la wajibu wa kisheria

Anza na daftari moja, la karatasi au la kompyuta, ambalo kila mstari wake unaeleza wajibu mmoja: sheria au kibali unakotoka, jina la mtu anayeutekeleza, ushahidi unaoonyesha kwamba umetekelezwa, na tarehe ambayo unapaswa kurudiwa. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini karibu kila mahali utakutana na usajili wa sehemu ya kazi, michango au bima ya fidia kwa wafanyakazi, ukaguzi wa mara kwa mara wa boila, mitungi ya hewa yenye shinikizo, lifti na mashine za kunyanyulia mizigo, tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kuanza, vibali vya kutiririsha majitaka na kutoa moshi, leseni za kuhifadhi kemikali, pamoja na wajibu wa kutoa taarifa ya ajali na ya magonjwa yatokanayo na kazi.

Soma masharti yaliyoambatishwa katika kila kibali na uyaingize katika daftari moja baada ya jingine. Kibali kilichotundikwa ukutani bila masharti yake kusomwa humpa mwajiri imani isiyo na msingi, kwa kuwa ndani ya masharti hayo ndimo mnamoandikwa kwamba majitaka yapimwe kila baada ya muda fulani, kwamba jenereta isiwashwe usiku, au kwamba ongezeko lolote la uzalishaji liombewe idhini upya. Mwajiri anayevunja sharti la kibali anavunja sheria hata kama kibali chenyewe hakijaisha muda.

Kwa upande wa kimataifa, Mkutano wa Kimataifa wa Kazi wa Juni 2022 uliyaweka mazingira salama na yenye afya ya kufanyia kazi miongoni mwa kanuni na haki za msingi kazini, na Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981 na Namba 187 wa mwaka 2006 ya Shirika la Kazi Duniani ikahesabiwa kuwa mikataba ya msingi. Nchi wanachama wa shirika hilo zinawajibika kuheshimu kanuni hiyo hata kama hazijairidhia mikataba yenyewe. Mkataba Namba 155 una vifungu vitatu ambavyo kila mwajiri anapaswa kuvijua: hatua za usalama na afya zisimgharimu mfanyakazi fedha yoyote, mfanyakazi anayejiondoa katika hali anayoamini kwa sababu za msingi kwamba inahatarisha maisha au afya yake papo hapo asiadhibiwe, na kampuni zinazofanya kazi mahali pamoja zishirikiane katika kutimiza matakwa hayo. Kwa hiyo kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya buti na kofia ngumu ni kwenda kinyume na kanuni iliyo wazi.

Hatua ya pili: Kabidhi dhamana pamoja na mamlaka

Teua mtu anayesimamia mfumo huu na umwandikie barua inayotaja mambo mawili: uwezo wa kusimamisha kazi, na fungu la fedha analoweza kulitumia bila kusubiri kikao. Akikosa mambo hayo mawili, atabaki kuandika barua za kukumbusha ambazo hazijibiwi. Dhamana ya kisheria hata hivyo inabaki kwa mwajiri mwenyewe, na uteuzi huo haumwondolei kitu.

Unda kamati ya usalama, afya na mazingira ambayo wajumbe wake wa upande wa wafanyakazi wamechaguliwa na wenzao. Hakikisha zamu ya usiku ina mjumbe, na wafanya usafi vilevile, kwa kuwa hao ndio wanaojua nini humwagwa wapi baada ya mameneja kuondoka. Sera iandikwe kwa ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo wafanyakazi wanaizungumza, isainiwe na mkuu wa taasisi, na iseme waziwazi kwamba yeyote anaweza kusimamisha kazi anapoona hatari ya papo hapo.

Haki hiyo ya kusimamisha kazi isichukuliwe kuwa pambo la sera. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lililokuwa na viwanda vya nguo. Benki na maduka ya chini yakafungwa, lakini siku iliyofuata wafanyakazi wa viwanda waliagizwa kuingia kazini, na jengo likaporomoka likaua zaidi ya watu 1,100. Wafanyakazi walikuwa wameiona hatari kwa macho yao, wakakosa uwezo wa kuikataa.

Hatua ya tatu: Tambua vihatarishi kwa kuifuata kazi inavyofanyika kweli

Tathmini ya vihatarishi inayoandikwa ofisini huieleza kazi kama ilivyopangwa, na kwa kawaida ajali hutokea pale kazi inapofanyika tofauti na ilivyopangwa. Tembea na mfanyakazi mwenye uzoefu na mwingine mgeni, kuanzia mlango wa kupokelea malighafi hadi mahali taka zinapotolewa, na katika kila kituo uulize maswali yale yale: Kitu gani kinaingia hapa? Kinafanyiwa nini? Kinatoka kwa umbo gani, yaani bidhaa, vumbi, mvuke, majitaka, joto, kelele au taka ngumu? Kinamgusa nani ndani, na kinamfikia nani nje? Kwa njia hiyo ziara moja inakupa orodha ya vihatarishi vya wafanyakazi na orodha ya athari kwa mazingira kwa pamoja.

Rudia ziara hiyo wakati wa zamu ya usiku, wakati wa usafi wa mwisho wa wiki, na hasa wakati wa matengenezo. Uendeshaji wa kawaida huwa na vizuizi vya mashine mahali pake na milango imefungwa. Fundi anapofika, vizuizi vinatolewa, matangi yanafunguliwa na mabomba yanamwaga mabaki yake. Usisahau vihatarishi visivyo na sauti wala harufu, kama vile kunyanyua mizigo kwa mgongo uliopinda, kukaa mkao mmoja saa nyingi, joto kali, uchovu wa zamu ndefu, na manyanyaso ya wasimamizi au wateja. Wajawazito, vijana na watu wenye ulemavu wanaweza kudhurika kwa kiwango ambacho mwingine hakihisi, kwa hiyo watajwe katika tathmini.

Mahali ambapo macho hayatoshi, pima. Kuhusu kelele, kipo kigezo rahisi cha awali: ikiwa watu wawili waliosimama umbali wa mita moja wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, ni vyema kumwita mtu mwenye kipimo. Wataalamu wengi huchukua desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka wa kuchukua hatua, na kwa kigezo hicho kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza kwa nusu muda unaokubalika, yaani saa 4 kwa desibeli 88, saa 2 kwa 91, na saa 1 kwa 94. Sheria za nchi yako zinaweza kuweka kiwango kingine, nazo ndizo za kufuatwa. Katika vumbi, macho hudanganya zaidi, kwa sababu chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kiasi cha kutoonekana, na hewa inayoonekana safi baada ya vumbi kubwa kutua bado inaweza kuwa imejaa hizo.

Panga vihatarishi kwa kuvipa alama za uzito wa madhara na uwezekano wa kutokea. Usipoteze wiki nyingi ukibishana kama jambo fulani lipewe alama 12 au 15. Jedwali la alama lipo kwa ajili ya kuamua nini kianze, na jambo linaloweza kuua lianze hata kama halijawahi kutokea.

Hatua ya nne: Chagua udhibiti kwa mpangilio, na uulize hatari imekwenda wapi

Hapa ndipo waajiri wengi wanapokosea kwa nia njema. Wanapoona hatari, wazo la kwanza ni kununua barakoa na miwani, ilhali mpangilio unaokubalika duniani kote unaviweka vifaa kinga mwisho. Kwanza jaribu kuiondoa hatari kabisa. Ikishindikana, badilisha kitu au njia ya kazi kwa kilicho salama zaidi. Kisha tenganisha watu na hatari kwa uhandisi, kama vile vizuizi vya mashine na mifumo ya kunyonya hewa chafu pale inapozalishwa. Baadaye taratibu za kazi, mafunzo, alama na kupunguza muda wa mtu kukaa katika hatari. Na mwishoni vifaa kinga. Sababu ya mpangilio huu ni kwamba kadiri unavyoshuka, ndivyo usalama unavyotegemea zaidi kila mtu kufanya jambo sahihi kila dakika, hata anapochoka.

Chukua mfano wa kukata mawe au zege, kazi inayotoa vumbi la silika ambalo husababisha ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Swali la kwanza ni kama mawe yanaweza kuagizwa yakiwa tayari katika vipimo vinavyohitajika, ili ukataji upungue. Unaobaki ufanywe kwa msumeno unaotiririsha maji kwenye meno yake, au ulio na kinyonya vumbi chenye kichujio kinachofaa. Barakoa ivaliwe juu ya hayo yote, iwe ya daraja linalozuia chembe ndogo, iwe imepimwa kwenye uso wa mvaaji mwenyewe, na ieleweke kwamba ndevu hufungua njia ya hewa pembeni. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa viyeyusho wala gesi, na kichujio cha mvuke kikiisha nguvu hakionyeshi dalili kwa nje.

Baada ya kuchagua, uliza swali la pili: hatari imekwisha au imehama? Maji ya msumeno yanatengeneza tope. Likiachwa likauke sakafuni linakuwa vumbi tena kesho yake, na likisukumwa mferejini linaziba na kuchafua maji. Linahitaji shimo la kutuamisha, na tope hilo litolewe likiwa bado na unyevu. Feni inayonyonya hewa chafu ya karakana na kuitupa nje bila kichujio imewapa majirani ugonjwa ambao wafanyakazi wameepushwa nao.

Uhamaji huo hutokea pia kutoka upande wa mazingira kuja upande wa afya, na upande huu haukaguliwi sana. Mwajiri aliyelalamikiwa kwa kelele anaziba madirisha yote ya jengo, majirani wanalala, na ndani joto na mvuke vinapanda. Anayeanza kurejeleza taka kwa nia nzuri anawaweka watu wazichambue kwa mikono, wakichomwa na sindano na vioo. Anayeokoa maji kwa kuyazungusha katika minara ya kupozea anaweza kukuza bakteria wa Lejionela, ambao hupeperuka pamoja na matone madogo na kusababisha homa kali ya mapafu. Miradi yote hiyo inafaa kufanywa, ila kila mmoja upitiwe na kamati nzima kabla ya kuanza.

Hatua ya tano: Dhibiti kemikali kuanzia mlangoni

Usiruhusu kemikali yoyote kuingia bila karatasi yake ya taarifa za usalama. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha na kuwekea kemikali lebo, karatasi hiyo ina sehemu 16, na ni mfano mzuri wa jinsi afya na mazingira vinavyokaa pamoja. Sehemu ya 4 inaeleza huduma ya kwanza, ya 6 namna ya kushughulikia umwagikaji, ya 7 uhifadhi, ya 8 viwango vya kukabiliwa na kemikali pamoja na vifaa kinga, ya 10 vitu ambavyo haipaswi kukutana navyo, ya 12 athari kwa viumbe na maji, na ya 13 utupaji. Mtunza stoo anayezisoma sehemu hizo saba ameshajua karibu kila kitu anachohitaji.

Orodhesha kemikali zote, pamoja na zile za usafi ambazo watu huziona za kawaida. Dawa ya kung'arisha yenye klorini ikichanganywa na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, na ajali ya namna hiyo hutokea hata katika ofisi tulivu kabisa. Tenga asidi na besi, tenga vioksidishaji, yaani kemikali zinazochochea moto, na vitu vinavyowaka, na weka vimiminika juu ya sakafu isiyopenyeza, ndani ya ukingo unaoweza kubeba walau asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote vilivyomo. Chombo kisicho na lebo kiondolewe siku hiyo hiyo. Chupa ya maji ya kunywa isitiwe kemikali hata kwa dakika moja, na vyombo vilivyowahi kuwa na viuatilifu visuuzwe mara tatu, vitobolewe, visirudi nyumbani kwa mtu kuhifadhia maji.

Hatua ya sita: Weka kibali cha maandishi kwa kazi zinazoua

Zipo kazi ambazo kosa moja linatosha: kuingia katika matangi, mashimo na mitaro mirefu, kufanya kazi juu, kuchomelea karibu na vitu vinavyowaka, na kutengeneza mashine au mifumo ya umeme. Kazi hizi zisianze bila kibali cha maandishi kinachotaja kazi, mahali, muda, hatua za kinga na majina ya wanaohusika, na kibali hicho kikabidhiwe mkononi zamu zinapobadilishana. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, zamu ya usiku iliwasha pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo mchana, kwa kuwa taarifa ya kibali husika haikuwafikia. Watu 167 walikufa.

Katika mashine, zima chanzo cha nishati, kifunge kwa kufuli, weka kadi yenye jina, kisha ujaribu kuiwasha ili kuthibitisha kwamba haiwaki. Kila fundi awe na kufuli lake na ufunguo wake mfukoni; mafundi watatu, kufuli tatu. Kumbuka nishati inayobaki baada ya umeme kukatwa, yaani hewa iliyoshindiliwa, springi zilizokazwa, sehemu zilizonyanyuliwa juu, mvuke wa moto na chaji iliyo katika kapasita.

Maeneo finyu ninayatilia mkazo kuliko kazi nyingine yoyote, kwa sababu humo mtu wa pili na wa tatu hufa wakijaribu kumwokoa wa kwanza. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na kanuni nyingi hukataza kuingia ikiwa chini ya asilimia 19.5. Pima oksijeni, gesi zinazowaka na gesi za sumu, juu, katikati na chini, kwa kuwa baadhi ya gesi hutuama chini na nyingine hupanda. Usitegemee pua: gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka katika majitaka hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa kabla ya kumwua mtu, na kaboni monoksaidi kutoka katika jenereta haina harufu kabisa. Mlinzi akae mlangoni muda wote bila kazi nyingine, na vifaa vya kumvuta mtu nje kwa kamba viwe vimefungwa kabla mtu hajaingia. Mlinzi haingii kwa hali yoyote. Mwambie hivyo mbele ya wenzake, kwa maneno hayo hayo, kila mara.

Kwa kuchomelea, ondoa vitu vinavyowaka au vifunike, na mtu abaki akichunga cheche walau nusu saa baada ya kazi. Kanuni nyingi hutaka saa nzima. Kwa kazi za juu, kizuizi imara pembeni ni bora kuliko mkanda wa usalama, na mkanda usiofungwa mahali imara hauna faida.

Hatua ya saba: Simamia taka, majitaka na moshi

Tenganisha taka pale zinapozalishwa, kwa sababu kipimo kidogo cha mafuta machafu kikiingia katika pipa la karatasi hufanya pipa zima kuwa taka hatarishi. Betri, taa zenye zebaki, mafuta yaliyotumika, makopo ya rangi na taka za tiba kila moja ipate chombo chake chenye lebo na tarehe ya kuanza kujazwa. Mkabidhi mbebaji mwenye leseni pekee, chukua hati ya kila mzigo, na angalau mara moja nenda mwenyewe uone zinakoishia. Taka zako zikikutwa zimetupwa korongoni, katika nchi nyingi swali litarudi kwako. Kuchoma plastiki hadharani ni kosa la kiafya pia, kwa kuwa plastiki zenye klorini hutoa sumu iitwayo dioksini.

Chora ramani ya mifereji yako na utambue upi unapeleka maji ya mvua na upi majitaka, kisha upake rangi mifuniko yake kwa namna inayoonekana hata na mgeni. Majitaka yasiongezewe maji safi ili vipimo vipungue. Sheria nyingi zinakataza jambo hilo, na sumu inayoingia mtoni inabaki kiasi kile kile.

Hatua ya nane: Jiandae kwa dharura

Mwaka 1911 moto katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York uliua watu 146, wengi wao wasichana, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mlango wa dharura unapaswa kufunguka kutoka ndani bila ufunguo wakati wote watu wapo, na hofu ya wizi itafutiwe dawa nyingine.

Fanya zoezi la kujiokoa bila kuwatahadharisha watu, katika zamu zote, na uhesabu waliofika katika eneo la kukusanyika. Vizimamoto viendane na aina ya moto, kwa kuwa maji hayafai kwa umeme wala mafuta yanayowaka. Mpango huo huo utaje vifuniko vya kuziba mifereji, mahali maji ya kuzimia moto yatakapozuiliwa, unga au mchanga wa kunyonya mafuta yaliyomwagika, na majirani gani wapewe taarifa kwanza.

Hatua ya tisa: Fundisha watu wote, wakiwemo wa mkandarasi

Mafunzo yatolewe kabla ya mtu kuanza kazi, kwa lugha anayoielewa, na yaishie kwa mfunzwa kuonyesha kwa vitendo. Saini ya mahudhurio haithibitishi kwamba ameelewa. Wakandarasi na vibarua wa siku moja wahesabiwe kama wafanyakazi wako katika mambo yote ya usalama, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaopewa kazi hatari zaidi wakiwa na uelewa mdogo zaidi wa mahali penyewe. Mkataba utaje nani anatoa vifaa kinga, nani anaondoa taka, na kwamba mkandarasi anayepuuza kibali cha kazi atasimamishwa.

Hatua ya kumi: Fuatilia afya, chunguza matukio, tunza rekodi

Mpime mfanyakazi kabla ya kuanza kazi yenye kelele, vumbi au sumu, kisha kwa vipindi vilivyopangwa na anapoondoka. Daktari amweleze mwajiri kama mtu anafaa kwa kazi hiyo na kwa masharti gani, lakini undani wa ugonjwa ubaki siri ya mfanyakazi. Rekodi hizi zitunzwe kwa muda mrefu, kwa sababu madhara ya asbesto huweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza. Marekani inataka rekodi za kukabiliwa na sumu zitunzwe walau miaka 30, na Uingereza miaka 40 kwa baadhi ya kumbukumbu za afya.

Ajali ikitokea, mhudumie majeruhi, linda eneo, toa taarifa kwa mamlaka ndani ya muda wa kisheria, na chunguza. Umwagikaji uchunguzwe kwa uzito ule ule, na vilevile nusura ajali, yaani tukio lililokaribia kuwa ajali. Uchunguzi unaomalizika kwa maneno "mfanyakazi hakuwa makini" haujamalizika. Uliza kwa nini kizuizi kilikuwa kimetolewa, nani alijua, na kwa nini kazi iliendelea. Tena, achana na utaratibu wa kutoa bonasi kwa idara isiyo na ajali. Bonasi hiyo huwafundisha watu kuficha majeraha, na takwimu nzuri zinazotokana na kuficha ni hatari kuliko takwimu mbaya.

Hatua ya kumi na moja: Jikague, mpokee mkaguzi, na dhibiti mabadiliko

Jikague mara kwa mara kwa kutumia daftari la hatua ya kwanza, na mtu asikague idara yake mwenyewe. Viwango vya ISO 45001 vya usalama na afya na ISO 14001 vya mazingira vina muundo unaofanana, hivyo vinaweza kuendeshwa kwa pamoja, ingawa cheti cha viwango hivyo hakichukui nafasi ya kutii sheria. Mkaguzi wa serikali akija, mwonyeshe mahali palivyo na kumbukumbu zilivyo, mruhusu azungumze na wafanyakazi faraghani, na kila kasoro atakayoiandika uipe mhusika, tarehe na picha ya kabla na baada.

Mwisho, weka fomu fupi ya mabadiliko. Mashine mpya, kemikali mbadala ya bei nafuu, zamu ya ziada, ukuta uliovunjwa, au mzalishaji aliyebadilisha mchanganyiko wa bidhaa anayokuuzia: kila moja kati ya hayo huweza kuifanya tathmini yako yote kuwa ya zamani kwa siku moja. Fomu iulize mambo manne tu, yaani nini kinabadilika, nani ataathirika ndani, nini kitaathirika nje, na kibali gani kinaguswa. Isainiwe na msimamizi wa mfumo na mwakilishi wa wafanyakazi, na mpaka saini zote mbili ziwepo, mashine hiyo isiunganishwe na umeme na kemikali hiyo isipokelewe getini.